Birika la pande nane lililohamishia kahawa ya mkahawani jikoni kwa Waitalia

Mwezi Februari mwaka 2016, waliohudhuria ibada ya mazishi katika kanisa la Casale Corte Cerro, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, walishuhudia jambo lisilo la kawaida. Mbele ya altare hapakuwa na jeneza. Palikuwa na birika kubwa la kahawa lenye pande nane na kishikio cheusi, na ndani yake majivu ya marehemu Renato Bialetti, mfanyabiashara aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 93.

Padri alilibariki birika hilo, kisha likapelekwa katika kaburi la familia kwenye mji jirani wa Omegna. Picha zake zilisambaa duniani, na nje ya Italia wapo waliozichukulia kama kichekesho. Kwa Waitalia wenyewe hapakuwa na haja ya maelezo. Birika hilo, maarufu kwa jina la moka, lipo jikoni kwa mama zao na lilikuwepo jikoni kwa bibi zao, na sauti yake ndiyo iliyowaamsha walipokuwa watoto.

Wakati wa mazishi hayo, hata hivyo, kiwanda cha Omegna kilichokuwa kikitengeneza mabirika hayo kilikuwa kimekwisha kufungwa. Historia ya moka ni ya chombo kilichotengenezwa vizuri kiasi kwamba aliyekinunua hakuwa na sababu ya kurudi dukani, na waliokitengeneza wakaja kulipa gharama ya sifa hiyo.

Linavyofanya kazi

Moka ina sehemu kuu tatu. Chini kuna chungu kidogo cha maji chenye vali ya usalama ubavuni. Katikati hukaa kichujio chenye umbo la faneli, ambamo hutiwa kahawa iliyosagwa. Juu hufungwa birika lenyewe, lenye mdomo, kifuniko na mrija uliosimama katikati. Sehemu ya juu na ya chini hukazwa kwa kuzungushwa, na kati yake huwekwa mpira wa kuzuia mvuke usitoroke.

Birika linapowekwa juu ya moto, hewa na mvuke vilivyobanwa juu ya maji hupanuka. Kwa kukosa pa kutokea, huyasukuma maji chini, nayo hupanda kupitia faneli, hupenya kwenye unga wa kahawa na kumwagikia sehemu ya juu yakiwa kahawa iliyo tayari. Maji yanapokaribia kwisha, mvuke hufuata njia hiyo hiyo na birika hukoroma. Mkoromo huo ndio ishara ya kuliepua, kwani likiachwa motoni kahawa huungua na kuwa chungu.

Kazi yote huchukua dakika chache. Haihitaji umeme, karatasi ya kuchujia wala fundi. Jiko la gesi linatosha, na hata mtoto wa shule anaweza kufundishwa kwa siku moja.

Kahawa ilipokuwa ya mkahawani

Ili kuuelewa umuhimu wa chombo hiki, ni lazima kurejea katika Italia ya mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo kahawa kali ya haraka ilipatikana katika mikahawa ya mijini, ambayo Waitalia huiita "bar". Angelo Moriondo wa Torino alikuwa amepata hataza ya mashine ya kahawa inayotumia mvuke mwaka 1884, na mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan akasajili mashine iliyotoa kikombe kimoja kimoja kwa kila mteja. Hataza hiyo ilinunuliwa na Desiderio Pavoni, aliyeingiza mashine hizo sokoni.

Zilikuwa mashine kubwa na za gharama, zilizohitaji mtumishi mwenye ujuzi. Aliyetaka kahawa ya aina hiyo alilazimika kutoka nyumbani na kulipia kikombe. Mikahawa hiyo ilikuwa hasa mahali pa wanaume kukutana, kusoma magazeti na kujadili siasa, wakati wanawake walibaki na kahawa ya nyumbani.

Majumbani kahawa ilichemshwa sufuriani au kutengenezwa kwa birika la Napoli, ambalo maji yake yakishachemka hupinduliwa juu chini ili yachuruzike taratibu kupitia kahawa. Watu wa Napoli walilipenda na bado wapo wanaolienzi. Mwandishi na mwigizaji Eduardo De Filippo aliliweka jukwaani katika mchezo wake "Questi fantasmi!", ambamo mhusika akiwa kwenye roshani anamweleza jirani yake namna ya kuandaa kahawa. Lakini birika hilo lilidai subira, na kahawa yake haikuwa na ukali wa ile ya mkahawani.

Fundi wa alumini

Pengo hilo lilizibwa na Alfonso Bialetti, aliyezaliwa mwaka 1888 katika eneo la Omegna, kando ya Ziwa Orta mkoani Piemonte. Akiwa kijana alikwenda Ufaransa, ambako alifanya kazi katika viwanda vya alumini kwa takriban miaka kumi. Aliporejea alifungua karakana yake Crusinallo, kitongoji cha Omegna, mwaka 1919.

Eneo hilo lilikuwa na mafundi hodari wa vyombo vya jikoni. Kampuni ya Lagostina ilianzia Omegna mwaka 1901, na Alessi ikafuata mwaka 1921. Bialetti alileta ujuzi wa kuyeyusha alumini na kuimimina katika kalibu za chuma zinazoweza kutumika tena na tena, njia iliyorahisisha kutengeneza vyombo vingi vinavyofanana.

Simulizi inayopendwa zaidi yasema wazo la moka lilimjia alipowatazama wanawake wakifua nguo. Walitumia pipa lenye mrija katikati. Maji ya sabuni yalipochemka yalipanda kwenye mrija huo na kuzimwagikia nguo kwa juu. Iwapo mambo yalikwenda hivyo hasa au simulizi imenogeshwa, kanuni ya vyombo hivyo viwili inafanana. Aidha, wanahistoria wengi humtaja Luigi De Ponti kuwa ndiye mvumbuzi aliyeshirikiana na Bialetti.

Birika la kwanza lilitoka mwaka 1933 na kupewa jina la Moka Express. Neno "moka" linatokana na al-Mukha, bandari ya Yemen katika Bahari ya Shamu, ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa lango la kahawa iliyosafirishwa kwenda Ulaya na kwingineko. Pande zake nane zililifanya lipendeze machoni, na zilirahisisha kulishika na kulikaza. Kishikio kilitengenezwa kwa bakelaiti, plastiki ngumu isiyopitisha joto kwa urahisi.

Alumini, kahawa na siasa

Birika hilo lilizaliwa chini ya utawala wa kifashisti wa Benito Mussolini, na siasa za wakati huo ziliigusa kila sehemu yake. Italia ilikuwa na uhaba wa chuma na makaa ya mawe, lakini ilikuwa na boksiti, udongo unaotoa alumini. Serikali iliyotaka taifa lijitegemee iliitukuza alumini kuwa metali ya Kiitalia na ya kisasa.

Kwa upande wa kahawa hali ilikuwa kinyume. Haioti Italia, hivyo ilipaswa kununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, nchi ambayo ndiyo asili ya mbuni wa arabika, na mwezi uliofuata Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo vya kiuchumi. Propaganda za utawala huo ziliwaahidi wananchi kwamba mazao ya nchi iliyotekwa, ikiwemo kahawa, yangeiondolea Italia utegemezi.

Ahadi hiyo haikutimia. Waethiopia walilipia uvamizi huo kwa damu, na miaka michache baadaye Waitalia wenyewe walikuwa wakinywa shayiri na mizizi ya chikori iliyokaangwa badala ya kahawa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alumini ilihitajika kwa ndege za kivita. Moka, iliyokuwa imeuzwa zaidi katika masoko na maonyesho ya Piemonte, ikasimama kutengenezwa kabla haijajulikana nchi nzima.

Mtu mwenye masharubu

Aliyeipa moka uhai wa pili ni Renato, mtoto wa Alfonso, aliyerejea kutoka vitani na kushika uongozi wa karakana katika nusu ya pili ya miaka ya 1940. Baba alikuwa fundi. Mtoto alikuwa na kipaji cha biashara. Aliacha bidhaa nyingine, akaelekeza nguvu zote kwenye birika moja katika ukubwa mbalimbali, kisha akalitangaza kila mahali.

Katika Maonyesho ya Biashara ya Milan alisimamisha sanamu kubwa za moka zilizowashangaza wapita njia. Mwaka 1953 mchoraji Paul Campani alimbunia nembo: mtu mfupi mwenye masharubu meusi, amevaa suti, ameinua kidole kama anayeagiza kahawa. Inasemekana alichorwa kwa mfano wa Renato mwenyewe. Nembo hiyo iligongwa ubavuni mwa kila birika ili mnunuzi alitofautishe na ya kuigiza, ambayo yalikuwa yameanza kujaa sokoni.

Televisheni ndiyo iliyokamilisha kazi. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1977, shirika la utangazaji la RAI lilikuwa na kipindi cha matangazo ya biashara kilichoitwa "Carosello", kilichotazamwa na familia nzima baada ya chakula cha jioni. Watoto wengi waliruhusiwa kukitazama ndipo wakalale. Mtu mwenye masharubu alionekana humo akiahidi kahawa ya nyumbani iliyo nzuri kama ya mkahawani.

Ahadi hiyo ilifika wakati mwafaka. Mamilioni ya Waitalia walikuwa wakihama mashambani kwenda kufanya kazi katika viwanda vya Torino na Milan. Mishahara ilipanda, na nyumba mpya zilijengwa zikiwa na majiko ya gesi. Kwa familia iliyokuwa haijamudu jokofu wala gari, moka ilikuwa kifaa cha kisasa ambacho kila mtu aliweza kukinunua. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, mabirika zaidi ya milioni 200 yameuzwa duniani tangu mwaka 1933.

Desturi za jikoni

Wataalamu wa kahawa husisitiza kwamba kinachotoka kwenye moka si espresso kamili. Mashine ya mkahawani husukuma maji kwa nguvu inayofikia takriban mara tisa ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, wakati ya moka ni mara moja hadi mbili tu. Tangu Achille Gaggia alipoingiza mashine zake za mkono sokoni mwaka 1948, espresso imetambulika kwa povu zito la rangi ya dhahabu, na moka haitoi povu hilo.

Waitalia wanaijua tofauti hiyo na haiwasumbui. Kahawa ya mkahawani hunywewa kwa kusimama, kwa dakika mbili, kabla ya kwenda kazini. Ya moka hunywewa nyumbani, kwa kuketi, ikiwa ndiyo ya kwanza asubuhi na ya mwisho baada ya chakula cha mchana siku ya Jumapili. Mgeni akigonga mlango, swali la kwanza ni kama awekewe moka, na kukataa huhitaji sababu nzuri.

Kila nyumba ina sheria zake. Maji yasivuke vali. Kahawa ijazwe bila kushindiliwa, ingawa wapo wanaoapa kwamba ni lazima ifanyiwe kilima kidogo. Moto uwe mdogo. Birika jipya lipikwe mara mbili au tatu na kahawa hiyo imwagwe. Juu ya yote, lisioshwe kwa sabuni. Lisuuzwe kwa maji tu, kwani utando wa kahawa unaobaki ndani huaminiwa kuwa ndio siri ya ladha. Wapo pia wanaochukua matone ya kwanza yaliyo mazito na kuyapiga na sukari hadi yawe krimu, kisha kuigawa katika vikombe vyote.

Ukubwa wa birika hueleza habari za wenye nyumba. Moka ya vikombe vitatu haifai kupikiwa kikombe kimoja, kwa kuwa kichujio sharti kijae. Kwa sababu hiyo familia nyingi zina mabirika kadhaa: dogo la anayeamka mapema, la kati la kila siku, na kubwa la sikukuu. Mzee aliyefiwa na mwenzake hulazimika kununua la kikombe kimoja. Mwanafunzi anayekwenda chuo katika mji wa mbali, au kijana anayekwenda kutafuta kazi Ujerumani au Uingereza, hulibeba katika begi lake pamoja na pakiti ya kahawa.

Sehemu ya kahawa hiyo hutoka Afrika Mashariki. Wakaangaji wengi wa Italia, hasa wa kusini, huchanganya arabika na robusta ili kuipa kahawa uzito na ukali, na Italia imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, ambayo kwa kiasi kikubwa ni robusta.

Wabunifu nao hawakuiacha. Alberto Alessi, mjukuu wa Alfonso Bialetti kwa upande wa mama, aliwaalika wasanifu mashuhuri kulibuni upya birika la babu yake. Richard Sapper alitoa lake la chuma cha pua mwaka 1979, likatunukiwa tuzo ya ubunifu ya Compasso d'Oro. Msanifu majengo Aldo Rossi alifuata katika miaka ya 1980 kwa mabirika yenye umbo la mnara na kuba. Moka ya awali imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, ingawa majikoni bado inauzwa kwa bei ya chombo cha kawaida.

Chombo kisichoharibika

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Moka ikitunzwa hudumu kwa makumi ya miaka. Kinachochakaa ni mpira na kichujio, na vyote hununuliwa kwa fedha kidogo. Kampuni inayouza chombo cha namna hiyo humpata mteja mara moja, kisha humsubiri mtoto wake aoe au aolewe.

Biashara ya kapsuli ilijengwa juu ya kanuni tofauti kabisa. Kahawa hufungwa katika vikopo vidogo vya matumizi ya mara moja, na mashine huuzwa ili vikopo viendelee kununuliwa kila wiki. Nespresso, kampuni tanzu ya Nestlé ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1986, ndiyo iliyoieneza njia hiyo Ulaya. Kapsuli ni rahisi na safi: hakuna unga unaomwagika wala birika la kuangalia lisiungue. Hata hivyo, kwa uzito ule ule wa kahawa, mnywaji hulipa zaidi, na kila kikombe huacha taka ambayo isiporejeshwa viwandani huishia jalalani.

Familia ya Bialetti iliuza kampuni yake katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 ikaingia mikononi mwa kampuni ya vyombo ya Rondine ya mkoa wa Brescia. Mwaka 2007 iliingia katika soko la hisa la Milan. Mwaka 2010 kiwanda cha Omegna kilifungwa na uzalishaji kuhamishiwa nje ya Italia, licha ya kilio cha wafanyakazi na viongozi wa mji ambao jina lake lilikuwa limejulikana duniani kwa sababu ya birika hilo. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kuwa na madeni yaliyotishia uhai wake.

Hatimaye, mwaka 2025, kampuni ya uwekezaji ya NUO Capital, inayohusishwa na familia ya wafanyabiashara wa Hong Kong, ilifikia makubaliano ya kununua zaidi ya robo tatu ya hisa za Bialetti. Baadhi ya Waitalia waliliona hilo kama kupotea kwa sehemu ya urithi wa taifa. Wengine walikumbusha kwamba bila fedha mpya, mtu mwenye masharubu angekuwa amekwisha kushusha kidole chake.

Kampuni nayo imejaribu kwenda na wakati. Imeingia katika biashara ya kuuza kahawa na kapsuli zake yenyewe, na imetengeneza moka zenye kitako cha chuma kwa ajili ya majiko ya umeme ya sumaku, kwani alumini peke yake haipati moto juu ya majiko hayo.

Lakini hatima ya kampuni na ya birika si kitu kimoja. Mamilioni ya moka yaliyotengenezwa Crusinallo wakati wa Alfonso na Renato hayasomi taarifa za soko la hisa. Yako juu ya majiko, yamefifia mng'aro, vishikio vingine vimepasuka kwa moto, na kila baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba huingia duka la vyombo kutafuta mpira mpya wa ukubwa wa vikombe vitatu. Akiupata, birika lina uhai wa mwaka mwingine.